Maswali ya Wasomaji: Ni Lini Lalamiko Liligeuka Kuwa Dai la Uhuru?

SWALI: Kwako Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Shuleni tulikariri orodha ya malalamiko ya Waafrika dhidi ya mkoloni: ardhi, kodi, kipande (kile kitambulisho cha kazi), mishahara duni. Tulipofungua ukurasa uliofuata tukaambiwa kwamba uhuru ulipatikana mwaka 1963. Sikuelewa kilichotokea katikati. Serikali nyingi duniani hulalamikiwa na watu wake, nazo haziondoki. Kwa nini malalamiko ya hapa kwetu yaliishia kwenye uhuru badala ya kuishia kwenye kodi nafuu na mshahara bora?
*Msomaji, Umoja, Nairobi*

JIBU: Ndugu yangu, swali lako limegusa penyewe, na nitalijibu kwa kirefu.

Malalamiko peke yake hayazai uhuru. Anayepeleka lalamiko kwa mtawala huwa amekubali, hata asiposema, kwamba mtawala huyo ndiye mwenye haki ya kuamua, na anachoomba ni uamuzi wenye huruma zaidi. Anayedai uhuru humwambia mtawala kwamba hana haki ya kuamua lolote. Kwa maoni yangu, historia ya nchi yetu tangu mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki, hadi mwaka 1963 ni historia ya watu waliotolewa kwenye msimamo wa kwanza wakafikishwa kwenye wa pili. Kilichowatoa zaidi ni namna serikali ya kikoloni ilivyojibu kila walichokilalamikia.

Tuanze na ardhi. Sheria ya mwaka 1902 iliwaruhusu walowezi kukodisha mashamba kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaurefusha muda huo hadi miaka 999. Sheria hiyo ya pili iliiweka chini ya Mfalme wa Uingereza hata ardhi ambayo Waafrika walikuwa wakiishi na kulima, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 mahakama ikathibitisha kwamba Mwafrika alikuwa mpangaji tu, aliyeweza kuondolewa wakati wowote Mfalme akitaka. Waliokataa kwa silaha walivunjwa kwa silaha, kama ilivyowapata Wanandi ambao kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka 1905. Wamaasai walijaribu njia ya sheria. Mwaka 1904 waliwekeana mkataba na serikali ulioahidi kwamba wangekaa Laikipia maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 wakatakiwa kuhama, na mwaka 1913 wakaenda mahakamani. Kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya dola na dola, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuusimamia. Wamaasai walitawaliwa kama raia wa himaya pale ardhi yao ilipotakiwa, lakini walipoidai haki yao wakahesabiwa kuwa wageni. Sijui kisa kingine kinachoonyesha mapema hivyo kwamba kasoro haikuwa katika sheria moja mbaya.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Fedha hizo zilijaza hazina, lakini kodi ilikuwa na kazi nyingine ambayo wakubwa wa serikali na walowezi waliitamka waziwazi: kumlazimisha mwanamume atoke kwake akafanye kazi ya mshahara, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kupata sarafu ya kulipia. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume walichukuliwa kwa makumi ya maelfu wakawe wapagazi wa jeshi katika kampeni ya kuwafukuza Wajerumani Tanganyika, na wengi hawakurudi. Waliangamizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko risasi. Soko letu la Kariokor lina jina la kikosi hicho cha wapagazi.

Walionusurika walirudi wakitarajia shukrani. Walichokikuta ni kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 lakini ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwaka 1919 Gavana Northey akatoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize watu kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na huko vijijini kuhimizwa kulimaanisha kulazimishwa. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa kuwa koloni. Mwaka 1921, bei ya kahawa ilipoanguka, waajiri Wazungu wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, ilhali kodi ilikuwa imetoka tu kupandishwa.

Hapa ndipo Nairobi inapoingia, na naomba uzingatie jambo hili kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka. Kabla ya hapo kila jamii ilikuwa na lalamiko lake, mahali pake, dhidi ya ofisa wake wa wilaya. Mji huu, ambao reli iliufikia mwaka 1899, uliwakutanisha Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba, Mganda na Mswahili katika makazi yale yale ya Pangani na Pumwani, wakibeba kipande kile kile na kukatwa mshahara ule ule. Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, alianza na chama cha vijana wa Kikuyu, lakini mwaka 1921 akakigeuza kuwa East African Association, jina lisilotaja kabila lolote. Alisaidiwa na Wahindi wa Nairobi, hasa mhariri M. A. Desai, na akapeleka malalamiko kwa simu ya maandishi moja kwa moja hadi London, akiwaruka machifu na gavana. Mwaka huo huo huko Nyanza vijana waliosoma, wakiongozwa na Jonathan Okwiri, walianzisha Young Kavirondo Association, ambayo wananchi waliiita Piny Owacho, wakilalamikia yale yale: kodi, kipande, kambi za kazi, na kufanywa koloni bila kuulizwa.

Thuku alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wajumbe waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi wakiwaomba watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele, akalipandisha gauni lake na kuwaambia wanaume wavae gauni hilo wampe yeye suruali zao. Polisi walifyatua risasi, na Muthoni akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja watu 21, lakini walioshuhudia walisema waliokufa ni wengi zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani na alirudi takriban miaka tisa baadaye. Barabara yenye jina lake leo inapita karibu na pale watu hao walipoanguka.

Sasa tazama jibu la serikali baada ya risasi, kwa maana ndilo kiini cha swali lako. Serikali haikukataa kila kitu. Kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa tamko kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa pale yanapogongana na ya wahamiaji. Tamko lilitokana na mvutano wa walowezi na Wahindi wala si kwa kumwonea huruma Mwafrika, lakini lilisomwa na Waafrika, na kwa miaka mingi wakawa wakilinukuu kila walipoandika hati ya malalamiko. Kwa hiyo hadi hapo njia ya kuomba ilionekana kuwa na uhai. Kikuyu Central Association, iliyoanzishwa mwaka 1924, haikudai uhuru. Mwaka 1929 ilimtuma katibu wake, Jomo Kenyatta, kwenda London kuomba usalama wa ardhi, nafuu ya kodi, elimu na wawakilishi wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria.

Kilichoiua imani hiyo ni miaka ya 1930. Mwaka 1930 ilipitishwa sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingekuwa yao daima, na kwamba sehemu yoyote ikitwaliwa lazima baraza la wenyeji liulizwe na ardhi nyingine itolewe badala yake. Muda si mrefu dhahabu ikagunduliwa Kakamega, na kufikia mwisho wa mwaka 1932 sheria ilikuwa imerekebishwa ili ardhi itwaliwe bila masharti hayo mawili. Daima ilidumu miaka miwili. Wakati huo huo Tume ya Carter ilizunguka nchini ikisikiliza madai ya ardhi. Wazee walieleza mipaka ya mababu zao, mito na miti kwa majina. Ripoti iliyotolewa mwaka 1934 iliongeza ardhi kidogo hapa na pale, ikafuta madai mengine yote, ikapendekeza mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ikazwe kisheria, na mwaka 1939 ikakazwa kweli. Watu waliokuwa wametoa ushahidi kwa nia njema walitambua kwamba ushahidi wao umetumika kuufunga mlango waliotaka kuufungua.

Mfano wa mwisho ni wa Wakamba. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguzia mifugo kwa nguvu, ikidai kwamba ng'ombe ni wengi mno kuliko malisho, ilhali ardhi ya malisho ilikuwa imetwaliwa. Maelfu wakatembea kutoka Machakos hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake na watoto, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakimtaka gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Serikali ililegeza upunguzaji wa mifugo, lakini mwaka 1940 ikatumia vita vya pili kama sababu ya kupiga marufuku Kikuyu Central Association, Ukamba Members Association na chama cha Wataita, vyote kwa pamoja.

Ukiniuliza ni wapi pale katikati palipokosekana kwenye kitabu chako, nitakuelekeza hapo, kati ya mwaka 1932 na 1940. Watu walikuwa wamejaribu mahakama, hati za malalamiko, ujumbe wa London, tume ya uchunguzi na maandamano ya amani, na mwishowe hata vyama vya kulalamikia vikafanywa haramu. Yeyote aliyefuata mfululizo huo hakuwa na sababu ya kuamini kwamba lalamiko jingine lililoandikwa vizuri zaidi lingeleta jibu tofauti.

SWALI: Mwanangu Mwalimu, mimi ni mkazi wa Kaloleni tangu utoto wangu. Wazee wetu walituambia kwamba uhuru ulidaiwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wetu huu wa Kaloleni, na aliyeudai alikuwa Mhindi. Vijana wananicheka nikiwaambia hayo. Je, ni kweli?
*Mama wa Kaloleni, Nairobi*

JIBU: Mama, nakushukuru kwa barua yako. Wazee walikuambia kweli, na vijana wasikucheke. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, ulifanyika mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na East African Indian National Congress ili kuyapinga mapendekezo ya walowezi ya kujiimarishia utawala. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi aliyezaliwa Punjab na kulelewa Nairobi, alisimama akataka azimio la mkutano liseme wazi kwamba suluhisho ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Pengine uhuru ulikwisha kutajwa faraghani, na mwaka 1945 Kenyatta alishiriki mkutano wa Manchester ambako Waafrika kutoka nchi nyingi walidai kujitawala. Lakini kusimama jukwaani mbele ya umma hapa nchini na kuudai mara moja, bila kipindi cha kungoja, ni jambo linalohusishwa na mkutano huo wa kwenu.

Ni vizuri kueleza kwa nini neno hilo lilitoka kwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Makhan Singh alianza kuwaunganisha wafanyakazi wa Nairobi katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaanzisha East African Trade Union Congress, ambayo serikali ilikataa kuiandikisha. Mfanyakazi hukutana na utawala kila siku, si mara moja kwa mwaka wakati wa kodi. Mshahara wake ulikuwa mdogo kwa sababu ya rangi yake, nyumba yake ilikuwa chumba cha kugawana kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mkazi wa kudumu wa mji, na akigoma alikutana na sheria iliyofanya kuacha kazi kuwa kosa la jinai. Alipouliza ni nani angeweza kuyabadilisha yote matatu, jibu lilikuwa Baraza la Kutunga Sheria, ambamo Waafrika walikuwa wachache mno. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944 kwa kuteuliwa na gavana, wala si kwa kura.

Machi 1950, Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, viongozi hao wa wafanyakazi waliwahimiza watu wasishiriki, kwa hoja kwamba jiji lililokuwa likisherehekewa halikuwa la wale waliolijenga. Katikati ya Mei, wiki tatu hivi baada ya mkutano wa Kaloleni, Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Mji ukagoma kwa siku kadhaa. Madai ya wagomaji yalichanganya mishahara bora na kuachiliwa kwa viongozi, na polisi wakatumia mabomu ya machozi kuwatawanya. Makhan Singh aliwekwa kizuizini kaskazini mwa nchi hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja. Wapo wachache waliozuiliwa muda mrefu kuliko yeye katika harakati zetu, na nasikitika kwamba jina lake halitajwi vya kutosha darasani.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu wa Kilifi ninayefanya kazi South B. Kila historia ya uhuru inasimuliwa kana kwamba ilitokea Nairobi na Mlima Kenya tu. Pwani tulikuwa wapi?
*Msomaji, South B*

JIBU: Mlikuwepo mapema kuliko wengi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao kwenda kazini kwa Wazungu wala wasilipe kodi. Alikamatwa akahamishiwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ilipiga vita Wagiriama, ikachoma nyumba na kuwafukuza kutoka kaskazini ya Mto Sabaki, eneo lililokuwa na mashamba yao bora.

Lalamiko la ardhi la Pwani lina mzizi wake tofauti. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaruhusu watu binafsi kusajili madai yao katika ukanda uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa koo badala ya mtu mmoja mmoja, wakajikuta maskwota kwenye makaburi ya mababu zao. Kisha upo mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wakati makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli na hata watumishi wa majumbani walipoacha kazi kwa pamoja. Chege Kibachia, aliyewaongoza baada ya hapo, alihamishiwa Baringo. Walioanzisha vyama vya wafanyakazi Nairobi miaka miwili baadaye waliufuatilia mgomo huo kwa makini.

Ukanda huo wa pwani, wenye upana wa maili kumi, ulibaki kisheria kuwa wa Sultani, Uingereza ikiusimamia kwa kumlipa kila mwaka, na ndiyo maana ulihitaji makubaliano yake peke yake. Hayo yalifikiwa Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru.

SWALI: Mwalimu, tunabishana na rafiki yangu hapa Kawangware. Yeye anasema uhuru uliletwa na wapiganaji wa msituni. Mimi nasema uliletwa na wanasiasa waliokaa mezani London. Tuamulie.
*Msomaji, Kawangware*

JIBU: Siwezi kumpa ushindi mmoja wenu, na nitaeleza kwa nini.

Vita vya Mau Mau viliwashwa na watu ambao malalamiko yao yalikuwa yamekwisha kujibiwa kwa hapana. Wakazi wa Olenguruone, waliokuwa wamekwisha kuhamishwa hapo awali, wakaamriwa kulima kwa masharti ya serikali au waondoke, walianza kula kiapo cha umoja katika miaka ya 1940 na mwishowe wakafukuzwa. Maskwota wa Bonde la Ufa walinyang'anywa mifugo na kupunguziwa viraka vya kulima. Waliopigana Burma katika Vita vya Pili walirudi wakaona wenzao Wazungu wakigawiwa mashamba kwa shukrani ya vita hivyo hivyo. Hata hivyo Kenya African Union (KAU), iliyoongozwa na Kenyatta tangu mwaka 1947, iliendelea kuandika. Mwaka 1951 ilimwomba Waziri wa Makoloni, James Griffiths, alipozuru nchini, viti 12 vya Waafrika watakaochaguliwa, na mwaka huo huo Mbiyu Koinange na Achieng Oneko wakaenda London na shauri la ardhi. Hawakupata lolote la maana.

Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, aliwakamata wale wale waliokuwa wakiandika hati hizo: Kenyatta, Oneko, Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei na Kung'u Karumba, ambao walihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba kwa kuongoza Mau Mau. Kwa hukumu hiyo serikali iliwaondoa watu ambao bado wangeweza kuzungumza nayo. Waliobaki waliingia msituni, Aberdare na Mlima Kenya. Vita vilikuwa vikali, na tusifiche kwamba vilikuwa pia vita vya Wakenya kwa Wakenya. Mauaji ya Lari ya Machi 1953, na kisasi kilichofuata usiku huo huo, yaliacha chuki ndani ya koo zilizokuwa jirani. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi na kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini. Mashambani zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957.

Kijeshi, basi, msitu ulishindwa. Lakini vita hivyo viliithibitishia London jambo ambalo hati za miaka thelathini hazikuweza kuithibitishia: kwamba walowezi hawangeweza kuitawala Kenya bila jeshi la Uingereza kuwalinda, kwa gharama ya mamilioni ya pauni. Kisha, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, Bunge la Uingereza liliujadili kwa hasira, na hata wabunge wa chama tawala walisema kwamba Uingereza haiwezi kujivunia haki nyumbani kwake na kuivunja Afrika.

Hapo rafiki yako ana hoja. Wewe nawe una yako. Waafrika wanane waliochaguliwa Machi 1957, miongoni mwao Tom Mboya kutoka Nairobi, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walikataa kuchukua nyadhifa za uwaziri katika serikali ambayo wingi wake haukuwa wa Waafrika. Kukataa huko nakuheshimu sana. Wazazi wao wangeushukuru uwaziri mmoja kama mafanikio makubwa. Wao waliuona kuwa kishawishi cha kuwarudisha kwenye kuomba. Mwaka 1958 Odinga alisimama Barazani akasema kwamba waliofungwa, Kenyatta akiwamo, ndio viongozi wa kweli wa watu, wakati ambapo hata baadhi ya wenzake waliona kauli hiyo ni ya hatari. Kwa maneno hayo aliiunganisha kesi ya msitu na kesi ya meza.

Mkutano wa Lancaster House ulifunguliwa London Januari 1960, na katiba iliyotokana nao ikaweka viti 33 kati ya 65 viwe vya kugombewa na watu wote, jambo lililomaanisha kwamba Waafrika wangekuwa wengi. Baada ya hapo mabishano yalihusu kasi, na muundo wa serikali baina ya vyama vya KANU na KADU. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, uchaguzi mkuu ukafanyika Mei 1963, madaraka ya ndani yakapatikana tarehe 1 Juni na uhuru tarehe 12 Desemba.

Lakini pale mezani ndipo lalamiko la kwanza kabisa, la ardhi, lilipobadilishwa sura. Katiba ililinda hati za walowezi. Mashamba yalinunuliwa kwa bei, kwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, kisha yakauzwa kwa Waafrika chini ya mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Takriban familia 35,000 zilipata viwanja, zikatakiwa kulipa madeni kwa ardhi ambayo babu zao hawakuwahi kuiuza. Kaggia alilipinga hilo bungeni, na mwaka 1964 akaondoka serikalini kwa sababu yake. Nadhani Kaggia alikuwa upande wa haki, ingawa naelewa kwamba serikali changa iliogopa uchumi wa mashamba kuanguka. Waathiriwa wa mateso ya kizuizini nao walingoja hadi Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ilipoeleza majuto yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 fidia.

SWALI: Mwalimu, nimepata kipande cha marehemu babu yangu pamoja na kasha lake la bati. Nikifanyie nini?
*Msomaji, Dagoretti*

JIBU: Usikisugue wala usijaribu kuinyoosha karatasi kwa pasi. Itoe kwenye kasha iwapo inatoka bila kuraruka, iweke kavu mbali na jua, na upige picha kila upande. Humo utaona alama za vidole vya babu yako, jina la wilaya na chifu wake, na safu ya waajiri: tarehe aliyoanza kazi, mshahara wake, na sahihi ya mwajiri aliyemruhusu kuondoka. Bila sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akiondoka alitafutwa na polisi kwa kosa la kutoroka kazi. Majina ya waajiri na tarehe hizo unaweza kuzipeleka kwenye Nyaraka za Kitaifa, Barabara ya Moi, ukaomba mafaili ya kazi ya wilaya husika ya miaka hiyo. Nenda na nakala, na kipande chenyewe kibaki nyumbani.